Maneno Matatu ya Marieta

Tlawi, Mbulu
18 Septemba 2023

Dada Judica,

Shikamoo. Mimi ni Ernestina, mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu hapa Tlawi. Hatujawahi kuonana, ila tuna mtoto mmoja: Marieta, binti wa miaka kumi na tatu asiyesema, kutoka Endasak. Likizo anakaa kwa mama yake, na mama humleta kwako Katesh kuchukua dawa. Shule zikifunguliwa analala bwenini kwetu. Wewe unamwona miezi mitatu ya mwaka, mimi tisa, na hatujawahi kuandikiana hata mstari. Nakuandikia kwa mkono na kumpa konda wa basi kwa sababu mama Marieta ameniambia simu hupokei.

Unajua kwamba anajipiga. Sijui kama umewahi kuhesabu. Mimi nimehesabu siku kumi na mbili, nikiwa nimekaa pembeni na kalamu. Jumatatu, kabla ya uji, ngumi thelathini na nane. Jumanne, arobaini na moja. Jicho la kulia lilikwenda mwaka jana kwa ngumi hizi hizi. Tangu Juni zimehamia kushoto.

Nimeandika pia kinachotangulia kila ngumi na kinachofuata. Hujipiga zaidi anapongoja: kungoja uji, kungoja zamu ya maji, kungoja mimi nimalize na mtoto mwingine. Akipewa mahindi ya kupukuchua hajipigi hata mara moja. Lakini mahindi huisha.

Kuna fundi hapa, Modest, anashona makochi. Alimpima Marieta kichwa kwa uzi, akamshonea kofia ya sponji inayoshuka hadi kwenye mashavu. Nisamehe nikisema ndiye mtaalamu pekee ambaye nimeona akimpima mtoto huyu kabla ya kumfanyia chochote.

Dada, naomba tukae chumba kimoja mara moja tu: wewe, mimi, daktari wa macho, mama yake, hata fundi. Kila mmoja anashika kipande chake cha mtoto na hakuna anayemwona mzima. Nimeambatanisha jedwali na maelezo, kurasa sita. Silali vizuri kwa ajili ya lile jicho moja. Nalitaka libaki.

Wako,
Ernestina


Katesh, Hanang
29 Septemba 2023

Mwalimu Ernestina,

Marahaba. Barua yako na viambatanisho ni kurasa saba. Nimezisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nikiwa nimekasirika. Simu napokea, isipokuwa ya mtu ninayehisi anataka kunifundisha kazi. Natania. Nusu.

Hicho chumba unachokisema kiko wilaya gani? Daktari wa macho huja huku mara moja kwa miezi mitatu, anaona watu mia kwa siku moja, anaondoka. Muuguzi wa afya ya akili niko peke yangu. Nikitoka, dirisha la dawa linafungwa. Wewe una watoto kumi na wanane na mlezi mmoja wa bweni. Mama Marieta ana ng'ombe, shamba na mume aliyehamia Singida bila kuaga. Tukikaa chumba kimoja, nani atabaki kwenye vyumba vyetu?

Barua ni nzuri, usiache. Simu tunapigiana kelele na kesho nimesahau. Barua naitoboa naifunga kwenye faili lake. Ila faili halili kurasa saba. Naongeza dawa ya kutuliza, kutoka nusu kidonge hadi kimoja jioni. Ninachotaka kujua baada ya hapo ni kidogo sana: ametulia au hajatulia. Nipe kitu ninachoweza kusoma nikiwa na mgonjwa mbele yangu na mwingine mlangoni.

Na ule vizuri. Mwandiko wako ni wa mtu asiyekula.

Judica


Tlawi
13 Novemba 2023

Dada Judica,

Shikamoo. Umeniweza. Mimi ni mtu wa kurasa saba na nimejilazimisha kuwa mtu wa mstari mmoja.

Nimetengeneza daftari. Kila siku ina visanduku vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Katika kila kisanduku linaandikwa neno moja kati ya matatu: AMEPIGA, AMELALA, AMETULIA. Basi. Daftari litasafiri na mtoto. Huku nalijaza mimi au Mama Perpetua, mlezi wa bweni; huko atalijaza mama yake, na wewe utalisoma ukiwa umesimama.

Tangu kofia na dozi mpya vianze kwenda pamoja, ngumi zimeshuka hadi tisa kwa siku. Jana zilikuwa mbili. Niliogopa kufurahi, nikatoka nje nikazunguka darasa.

Tenki la bweni limepasuka na maji hayapo, kwa hiyo watoto wa bweni wanakwenda nyumbani mapema, tarehe 25. Marieta atakuwa kwenu hadi Januari. Namkabidhi kwako.

Ernestina


Tlawi
24 Novemba 2023

Mama Marieta,

Shikamoo mama. Nakutumia daftari pamoja na mtoto. Nimekuandikia mfano kwenye ukurasa wa kwanza. Tafadhali usihangaike na maelezo marefu, Sista Judica hana nafasi ya kuyasoma. Chagua neno moja tu kati ya yale matatu, uliandike kwenye kisanduku, kisha siku ya dawa upeleke daftari Katesh.

Kofia asiivue ila wakati wa kuoga na kulala. Nakushukuru kwa kutuamini.

Mwalimu Ernestina


Endasak
30 Novemba 2023

Mwalimu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto amefika salama, anakula. Kofia anavaa. Watoto wa jirani wanamwita bodaboda, yeye hajali.

Daftari nimelielewa. Ila nauliza. Kuna muda hapigi wala hajalala. Anakaa tu kwenye kigoda, mkono uko usoni, kimya, muda mrefu. Hiyo niiweke wapi? Maneno ni matatu na sioni lake.

Efrazia Baltazar


Daudi, Mbulu
9 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta hapa nyumbani kwetu Daudi, na baada ya kuipata nikasikia redioni habari za maporomoko ya matope ya mlima Hanang. Nimempigia Sista Judica mara nyingi bila kumpata. Naomba Mungu mwe salama, ninyi na ndugu zenu wa Katesh.

Kuhusu swali lako: usijali mama, ni rahisi. Kama hapigi na hajalala, basi andika AMETULIA. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta mwaka mzima.

Ernestina


Katesh
28 Desemba 2023

Mwalimu,

Niko hai. Naanza na hilo maana umeniuliza kwa barua mbili na kwa konda wa basi, ambaye sasa ananiita "yule sista wa mwalimu."

Jumapili ile asubuhi mlima ulishuka mjini. Sitakueleza, umesikia. Wa mifupa walipewa waliovunjika, na mimi, kwa kuwa idara yangu ni akili, nikapewa waliofiwa. Kuna mama mmoja anaosha sufuria lile lile tangu tarehe tatu. Nimekaa naye siku nne. Siku ya tano akaniuliza kama nina sabuni.

Marieta nilimwona tarehe 14. Anaendelea vizuri. Daftari lenu nimelisoma nikiwa nimesimama, kama nilivyotaka: asubuhi ametulia, mchana ametulia, jioni ametulia, ukurasa mzima. Dozi nimeiacha ilivyo. Nikuambie kweli, katika karatasi zote nilizosoma mwezi huu, hizo ndizo pekee zisizokuwa na msiba ndani yake. Nilisoma ukurasa ule mara mbili bila sababu.

Ulikuwa sahihi kuhusu kuandikiana. Nakupa haki yako.

Judica


Tlawi
9 Januari 2024

Dada Judica,

Shikamoo.

Marieta alirudi jana. Alipoingia bwenini alipiga bega kwenye fremu ya mlango. Mama Perpetua akasema, "Huyu leo kaja na usingizi wa Hanang." Tukacheka. Naandika kwamba tulicheka kwa sababu nataka iwe ndani ya faili.

Nilimwekea kikombe cha uji mbele yake. Mkono ukapita juu ya kikombe, ukarudi, ukakiangusha. Nikainua ndizi upande wa kushoto, karibu kabisa na uso. Hakugeuka. Nikasema, "Marieta, ndizi." Akageuka upande ilikotoka sauti, ndizi akaiacha.

Halafu akakaa kwenye benchi, na nikaona kile ambacho mama yake aliniandikia. Mkono usoni. Mimi nilisoma maneno yale nikamwona mtoto aliyeegemeza shavu, anayepumzika. Siyo. Kidole gumba kinaingia chini ya ukingo wa kofia na kulikandamiza jicho hadi kinazama mpaka kiungo cha kwanza. Hakuna kelele. Hakuna cha kuhesabu. Nilitazama saa: dakika kumi na moja, mpaka nilipomshika mkono.

Mama yake alikuwa bado hajaondoka.

"Anafanya hivi tangu lini?"

"Tangu aje likizo na ile kofia na dawa iliyoongezwa. Kule nyumbani kutwa nzima."

"Mama, mbona hukuandika?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyejua kuongea. "Mwalimu, si nilikuuliza niweke wapi? Ukasema andika ametulia. Nikaandika."

Kofia ya Modest ilizuia ngumi. Dawa yako ililegeza mkono. Mkono ukatafuta njia nyingine, na mimi nilikuwa nimeifutia njia hiyo jina. Kila mmoja wetu alifaulu.

Uliniandikia kwamba ulimwona tarehe 14 Desemba. Nataka kujua jambo moja tu, na unaweza kulijibu ukiwa umesimama: siku hiyo mkono wake ulikuwa wapi?

Ernestina


Katesh
17 Januari 2024

Ernestina,

Sikumwona.

Mama yake alikuja peke yake. Barabara ilikuwa bado na matope, mtoto alimwacha kwa dada yake. Alisimama dirishani na daftari, akasema, "Sista, naomba nieleze kidogo." Watu walikuwa wamejaa hadi uani. Nikamwambia, "Mama, daftari linatosha." Akasema, "Sawa." Unajua watu wa huku wanavyosema sawa. Nikampa vidonge vya mwezi mzima kupitia dirishani.

Nilikuandikia kwamba nilimwona kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuleta habari mbaya. Ni sababu ya kipumbavu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Siandiki ili unisamehe. Wala usichukue hili lote ulibebe peke yako, najua tayari umeanza. Mimi ndiye niliyekuomba neno moja. Wewe ulikuwa umenipa kurasa saba, na ukurasa wa nne, nimeurudia leo, umeandika: "Tukizuia mkono bila kujua unataka nini, utakwenda pengine." Ulikuwa umeandika mwenyewe. Nikaitoboa karatasi nikaifunga.

Rufaa ya hospitali ya Moshi iko ndani ya bahasha hii. Mpeleke bila kungoja chochote. Dawa ishushwe hadi nusu kuanzia leo. Barua hii nayo imenakiliwa, iko ndani ya faili lake.

Judica


Moshi
26 Januari 2024

Dada Judica,

Shikamoo. Tuko hapa tangu juzi, mimi, Mama Marieta na mtoto. Tunashika mikono yake kwa zamu, usiku na mchana. Nimejifunza kwamba mkono wa mtoto wa miaka kumi na tatu unaweza kukuchosha hadi kwenye meno.

Daktari ni kijana, mpole. Alipomaliza kuangalia alizima taa yake, akauliza, "Huyu nani anamsimamia?"

"Sisi wote," nikasema.

"Wote ni nani?"

Nikaanza kutaja: mwalimu, muuguzi, mlezi wa bweni, fundi, mama. Alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika. "Na ninyi wote mlimwona mara ya mwisho lini, pamoja?"

Mama Marieta hakungoja nijibu. "Daktari, hawajawahi."

Pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga, limebanduka. Anasema limebanduka kwa wiki nyingi na limejikunja kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Hata kama wangelirudisha, ingebidi akae wiki kadhaa bila kugusa jicho. Kwa mtoto huyu hawezi kufanya upasuaji wa kulishona ili alichane mwenyewe kesho yake. Akasema, "Kama angeletwa mwanzoni mwa Desemba," kisha akamwona mama yake na hakumaliza.

Nikamuuliza kwa nini anakandamiza. Akasema watoto wanaopoteza macho hufanya hivyo mara nyingi. Ukikandamiza jicho namna ile unaona mwanga, vimulimuli. Nimelifikiria jambo hilo tangu jana. Alikuwa anaanza kulipoteza jicho, na kulibonyeza ndiyo njia pekee iliyokuwa inamrudishia mwanga, na kila alipolibonyeza, mwanga aliumaliza zaidi. Kwenye jedwali langu kuna safu ya "kinachofuata baada ya tendo." Nimeitengeneza mwenyewe. Ningeuliza swali lile lile kuhusu kidole kile, ningejua.

Sina hasira na wewe. Natafuta hasira hiyo na siipati, na ingenisaidia.

Ernestina


Katesh
12 Februari 2024

Ernestina,

Chumba kimepatikana. Tarehe 20 daktari wa macho anakuja Katesh, na ametupa nusu saa kabla hajaanza wagonjwa. Mimi nimefunga dirisha kwa asubuhi hiyo na nimeandika sababu mlangoni. Muuguzi mkuu aliuliza tunakutana kuhusu nini, kwa kuwa jicho limeshakwenda. Nikamwambia tunakutana kuhusu mtoto.

Njoo na Modest. Mwambie aje na uzi wake wa kupimia. Na safari hii mama yake ataongea wa kwanza, hata akimaliza nusu saa yote.

Judica


Endasak
10 Machi 2024

Mwalimu Ernestina na Sista Judica,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika barua moja kwenu wawili, mtasomeana.

Nashukuru mlikuja wote siku ile. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wamekaa kwa ajili ya mtoto wangu, na fundi naye amevaa koti. Yale mliyoniambia nayafanya. Dawa ni nusu. Kofia nimeiweka kabatini. Mahindi anapukuchua, jirani Ignasi ameleta gunia mbili na kusema akimaliza ataleta maharage. Akiwa na kazi mikononi hagusi uso. Akimaliza, anagusa. Dada yangu Agatha anamshika asubuhi, mimi mchana na usiku. Sista umeniuliza kama inapungua. Haipungui.

Mwalimu umeniandikia kwamba nafasi yake bwenini ipo. Najua umeipigania. Lakini nimefikiri sana. Huko watoto kumi na wanane wana Mama Perpetua mmoja. Nani atamshika mkono? Sitamleta. Usione ni hasira. Mama Perpetua ameniambia kwa simu kwamba huli na kwamba unaandika hadi mapambazuko. Acha. Una watoto wengine.

Daftari nalirudisha pamoja na barua hii. Ile sehemu ya maneno nimeiacha wazi tangu Januari.

Nimalizie hili, maana hamlijui na hakuna mahali pengine pa kuliandika. Marieta hasemi, lakini akitaka kitu huushika mkono wako na kuuweka juu ya kitu hicho. Sasa kila asubuhi anapapasa ukuta mpaka anafika dirishani, anaushika mkono wangu, anauweka kwenye komeo ili nifungue. Dirisha liko wazi. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, mbona liko wazi," akalia hadi saa nne. Siku hizi silisemi. Nalifunga taratibu, halafu nalifungua kwa nguvu ili asikie bawaba. Anainua uso. Anangoja kidogo. Halafu anautafuta mkono wangu na kuurudisha pale pale kwenye komeo, na mimi nalifunga, nalifungua tena.

Efrazia, mama Marieta